Sikio la Ardis la Mwaka 2014

"Moja tu, baba," Britta alisema. "Sikuombi albamu. Sura ya mama, moja, mtu akiiona ajue huyu ni Ardis."

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Novemba, mjini Duluth. Mchapaji alitaka picha kabla ya Alhamisi saa sita mchana, ili Jumamosi watu wakiingia kanisani kumuaga marehemu wapewe karatasi ya ibada yenye sura yake mbele. Britta alikuwa amesafiri kutoka Arizona, amelia siku nne mfululizo, na sasa alibakiwa na jambo hili moja alilotaka liende sawa. Kwa mwanamume anayejiita mpiga picha, ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Na Lyle Brandvold alikuwa mpiga picha, jamani. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe. Alikuwa na kamera kumi na moja na lenzi arobaini na tatu, zimelala ndani ya kabati la vioo lenye kufuli na kimashine cha kukausha hewa, wakati makoti ya mkewe yalitundikwa gereji kwenye misumari. Alikuwa na diski sita zenye picha laki mbili na ushei. Kwenye Baraza la Lenzi, jukwaa la mtandaoni ambako wastaafu na vijana wasio na wapenzi hugombania vioo vya lenzi kutwa nzima, alikuwa na cheo kabisa: Mzee Ukali. Alikipata kwa miaka kumi na tisa ya kuwaambia watu kwamba picha zao hazina ukali wa kutosha.

"Nipe nusu saa," alimwambia binti yake, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akapangusa miwani kwa kile kitambaa maalumu.

Saa nne baadaye alikuwa bado pale pale, kahawa imepoa, shingo imekakamaa.

Hapa lazima upuuzi wenyewe uelezwe. Lenzi ikiwa mbovu, ubovu wake huonekana pembeni. Katikati ya picha hata lenzi ya bei ya karanga huona vizuri; ni kwenye pembe ndiko inakoumbuka. Basi watu wa Baraza hawapigi picha ya kitu, wanapima pembe. Lenzi mpya ikifika, Lyle alikuwa akiifunga kwenye kamera, anasimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, anaielekeza kwenye ukuta wa matofali wa gereji ya jirani, kisha anapaza sauti: "Ardis! Njoo na kadi!" Na Ardis, mikono ina unga au povu la sabuni, alitoka na kadi ya rangi ya kupimia lenzi, akasimama pale alipoambiwa, pembeni kabisa mwa picha. "Usitikisike," Lyle alimwambia. "Na usicheke, ukicheka unatikisika." Akishapiga alirudi ndani, akaikuza picha hadi mwisho, akakata kile kipande cha pembeni, akakitundika Barazani watu wakione, na picha nyingine yote akaifuta. Aweke matofali ya nini? Diski zinajaa.

Kwa hiyo alichokuwa nacho Lyle, baada ya miaka yote hiyo, kilikuwa hiki: sikio la Ardis la mwaka 2014. Nyusi yake ya kushoto ya mwaka 2011. Kifungo cha koti lake la kijani, mara kumi na saba, kwa lenzi kumi na saba. Na nywele sita za kisogoni za mwaka 2019, zilizosifiwa na watu sabini kwa vile ziliweza kuhesabika moja moja.

Britta aliingia na mkate wa nyama kwenye sahani, akainama kutazama kioo cha kompyuta.

"Hili nini?"

"Sikio la mama yako."

"Naona ni sikio, baba. Uso uko wapi?"

"Niliukata."

"Ulikata uso?"

"Uso ulikuwa unaelekea katikati," Lyle alisema, na kwa masikio yake mwenyewe alisikia jinsi lilivyokuwa jibu la mtu asiye na akili timamu, lakini akaendelea nalo. "Katikati hakupimwi kitu, mwanangu."

Britta aliiweka sahani mezani polepole mno, kama mtu anayejizuia kuirusha.

Wakaanza kuhesabu njia nyingine. Picha ya harusi ilikuwapo ukutani, ndiyo, lakini yule alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye shela. Watu wa kanisani hawakumjua huyo. Kitabu cha kanisa chenye picha za familia zote? Lyle alimfukuza mpiga picha wa kanisa kwa maneno, ati mwavuli wake wa taa unawafanya watu waonekane kama maandazi, na tangu hapo akina Brandvold wako ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya wasio na picha, pamoja na bwana mmoja aliyeko gerezani. Simu ya Britta? Kila alipokuja nyumbani akiitoa simu, baba yake alimkata kauli: "Weka hiyo takataka, nitapiga mimi." Kisha alikwenda kuchagua lenzi, akachagua, akachagua, hadi jua likazama na watoto wakalala. Britta alikuwa na picha za wiki tatu za mwisho tu, za hospitali, na mama yake alimwapisha asimwonyeshe mtu yeyote.

Mashoga wa Ardis wa kanisani nao waliombwa. Wakatuma walizonazo kwa moyo mkunjufu: picha za mikutano ya kushona, za Krismasi, za chakula cha baada ya ibada. Na katika zote Ardis alikuwa amesimama pembeni kabisa, nusu yuko ndani, nusu kakatwa. Bega na sufuria. Mkono na kikombe. Hakuna aliyemwambia asimame hapo. Alikuwa amezoea.

Britta alizipitia zote, kisha akaingia chooni akafunga mlango, na Lyle akamsikia analia. Aliona aibu, kweli aliona. Na alipoona aibu alifanya kile alichokuwa akifanya siku zote mambo yakimshinda nyumbani: akafungua Baraza la Lenzi.

Aliandika kwa ufupi. Mke wangu amefariki. Ninahitaji picha ya uso wake kufikia Alhamisi. Nina vipande hivi kumi na viwili. Je, kuna fundi anayeweza kuviunganisha vikawa sura? Akaambatisha sikio, nyusi, kipande cha shavu, na kidevu kimoja.

Majibu yalimiminika. Wa kwanza alikuwa Wendell Staats wa Thunder Bay, rafiki yake wa miaka mingi ambaye hawajawahi kuzungumza jambo lolote lisilo na lenzi ndani yake.

"Pole sana kaka Lyle, Mungu akutie nguvu. Hiyo nyusi ya 2011 ulifungua tundu la lenzi kiasi gani?"

"Pole mzee wetu. Ila shavu na kidevu haviwezi kukaa pamoja, lenzi moja ina ubaridi wa bluu nyingine inaelekea manjano. Utaonekana umeunganisha."

"Weee, shavu si tatizo! Tatizo sikio. Sikio limepigwa na ile lenzi ya mm 85 ya zamani, kila mtu anajua ile inalegea pembeni."

"Inalegea kwako wewe usiyejua kuishika!"

"Haya, tumeanza. Mwambieni aweke faili ghafi tuone wenyewe."

"Mna roho gani nyie? Mtu kafiwa. Kaka Lyle, pole. Hiyo lenzi ya sikio unaiuza?"

Kufikia alasiri walikuwa wamefika kurasa tisa. Wawili walikuwa wamefungiwa kwa matusi, na hakuna aliyekwisha kuunganisha hata nyusi na jicho. Lyle alisoma zote tisa. Na huyu, mwenye msiba wake, mwenye mtoto anayelia chooni, kwenye ukurasa wa sita aliingia akaandika mistari kumi na minne kuitetea ile lenzi ya mm 85. Akaituma. Ndipo akanyanyua macho, akaona giza la Novemba la saa kumi na moja jioni limeingia na Britta amekwishavaa koti na kutoka kwenda kwa shangazi yake.

Jumatano asubuhi alijaribu njia ya mwisho. Aliandika jina la mkewe kwenye sehemu ya kutafutia ya Baraza, na katika maelfu ya mabishano jina hilo likatokea mahali pamoja tu: mwezi wa saba wa mwaka 2016, kwenye Tanuru la Ijumaa.

Tanuru ilikuwa desturi yao. Kila Ijumaa mwanachama aliyetaka kujifunza aliitupa picha yake humo, na wazee wakaichoma kwa maneno mpaka ibaki majivu. Aliyevumilia alihesabiwa kuwa mtu mzima. Ijumaa ile aliyetupa picha alikuwa mwanamke mgeni, LaVonne Pikkarainen wa Two Harbors, mpishi mstaafu wa shule, mwenye kikamera kidogo cha dukani kinachoingia mfuko wa aproni. Aliipiga kwenye mandari ya wanachama kule maporomoko ya Gooseberry. Aliipa jina: Ardis akicheka.

Picha yenyewe haikuwapo. Palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye maandishi: picha imeondolewa na mwenyewe. Lakini maneno ya Mzee Ukali yalikuwapo, yamehifadhiwa vizuri, hayakupotea hata nukta.

"Dada LaVonne, karibu Tanuruni. Tuseme ukweli. Ziwa limelala upande, maji yatamwagika. Jua limeunguza paji la uso. Macho yamefumba nusu, kidevuni pana haradali. Mwanamke kawekwa katikati kama picha ya polisi. Mada haieleweki. Ukiniuliza mimi, futa, na kikamera hicho kampe mtoto achezee. Karibu tena."

Chini yake watu arobaini na mmoja walikuwa wameweka dole gumba. Chini ya hao LaVonne alijibu, "Asante, nimejifunza," na hakuandika tena Barazani hata siku moja.

Mada haieleweki! Mke aliyekuwa akila naye meza moja kwa miaka thelathini na mitano. Lyle alikumbuka kuyaandika yale maneno; alikumbuka hata jinsi alivyoyafurahia, hasa lile la maji kumwagika. Asichokumbuka ni picha. Alikaa akibonyeza kile kisanduku cha kijivu tena na tena, kana kwamba kingemwonea huruma.

Kisha akachukua funguo za gari, akaendesha hadi Two Harbors akiulizia nyumba ya yule mpishi wa shule.

LaVonne Pikkarainen alifungua mlango akiwa na mikono yenye unga, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akamtambua.

"Lo! Mzee Ukali mwenyewe," alisema. "Ingia, unaingiza baridi. Vua viatu."

Alimmiminia kahawa kwa sababu huku hata adui hupewa kahawa, akamkatia mkate mtamu wa iliki, akakaa upande wa pili wa meza akaendelea kusokota unga.

"Nimesikia kuhusu Ardis," alisema. "Nimeumia. Yule alikuwa mtu."

"Nimekuja kwa ajili ya ile picha," Lyle alisema. "Ya Gooseberry. Ya mwaka elfu mbili kumi na sita."

"Ipi? Ile ambayo maji yatamwagika?"

Lyle alitazama kikombe. "Hiyo."

"Nilifuta."

"Mtandaoni, ndiyo, nimeona. Nasema ile yenyewe. Kwenye kompyuta, kwenye kadi ya kamera."

"Bwana Lyle, uliniambia nifute, nikafuta. Si wewe ndiye mtaalamu? Uliniambia kamera nimpe mtoto achezee, nikampa mtoto wa binti yangu, akaitumbukiza ziwani wiki ile ile. Kila ulichosema nilikitii." Alisema bila ukali wowote, akikunja unga. "Sikuwa najua kuwa mnasema tu."

 Barazani Lyle asingekosa jibu. Hapa alikuwa kakaa na soksi tu, moja ina tundu.

"Basi niambie ilikuwaje," alisema hatimaye. "Nimesahau."

"Hukusahau. Hukuitazama." LaVonne alijifuta mikono. "Nyie wanaume mlikuwa mmejipanga mnapiga picha ukuta wa choo. Maporomoko yako mita hamsini, maji yananguruma, na nyie kumi na wanane mmeyapa mgongo, mnapima matofali ya choo. Ardis akanigusa akaniambia, 'LaVonne, nenda ukamwambie Lyle choo kimefumba macho, arudie.' Akaanza kucheka kwa maneno yake mwenyewe, soseji mkononi, haradali ikamrukia kidevuni, akazidi kucheka, hawezi hata kuifuta. Nikampiga hapo. Meno yote nje. Nilipoitazama usiku ule nikasema, hii ndiyo picha ya maana kuliko zote nilizopiga. Nikawaleteeni nikidhani mtafurahi. Mjinga mimi."

Lyle aliurudisha mkate kwenye sahani.

"Na unajua nini?" LaVonne alisema. "Alinipigia simu. Wiki mbili baadaye. Akaniambia, 'LaVonne, naomba ile picha, sijawahi kujiona nikicheka.' Nikamwambia nimeifuta, mumeo alisema haifai. Akasema haya basi, haina neno, akaniuliza habari za magoti yangu."

"Hakuniambia," Lyle alisema.

"Angekuambia wapi? Barazani?"

Alirudi Duluth kwa barabara ya kando ya ziwa na hakuwasha hata redio. Alitaka kumweleza Britta yote, alijipanga hasa, lakini alipofika jikoni alisema tu, "Haipo," na Britta akaitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa amekwishajua.

Alhamisi saa nne asubuhi Britta aliufungua mkoba wa mama yake kutafuta kadi ya bima, akatoa leseni ya udereva. Picha ilikuwa ndogo kama stempu ya barua. Ilipigwa miaka mitatu nyuma kwenye ofisi ya leseni, na karani fulani aliyekuwa akisubiri kwenda kula, kwa kamera iliyopigiliwa ukutani. Lakini Ardis alikuwa katikati, maana ofisi ya leseni haikupi nafasi ya kusimama pembeni. Alikuwa ametazama mbele moja kwa moja, nywele kachana, na mdomoni mwake palikuwa na kitu kidogo, kama vile karani alikuwa ametoka tu kusema jambo la kipuuzi na yeye alikuwa anajizuia.

"Huyu hapa," Britta alisema, akaketi sakafuni. "Huyu hapa mama." Hakumwonyesha baba yake. Aliipeleka kwa mchapaji mwenyewe, na mchapaji akaikuza.

Jumamosi kanisa la Kilutheri lilijaa hadi ghorofa ya waimbaji. Chini kwenye ukumbi vyakula vya kuokwa vilikuwa vinapashwa moto, na harufu ya viazi na vitunguu ilipanda hadi madhabahuni. Wendell Staats hakuja. Alituma maua, na ndani ya kadi aliandika pole na swali. LaVonne alikaa viti vya nyuma, amevaa koti jeusi. Britta alimshika baba yake mkono, akamkalisha kiti cha mbele, akampa karatasi ya ibada.

Lyle aliinua miwani akaiweka juu ya paji la uso. Akaileta ile karatasi karibu, karibu kabisa, hadi ikagusa ncha ya pua. Britta alimwona na moyo ukamlainika kwa mara ya kwanza wiki ile nzima. Akamwekea mkono mgongoni. Mchungaji alikuwa amenyamaza akisubiri watu wakae, na kanisa zima lilikuwa kimya.

"Nyuma ya sikio pana giza," Lyle alisema. "Wangeongeza taa ya pili kushoto."

Mkono wa Britta ukatoka mgongoni. Safu ya pili mtu alikohoa. Lyle mwenyewe aliyasikia maneno yake yakienda mpaka ukutani na kurudi, akatamani sakafu ifunguke immeze, maana hakuwa amekusudia; yalitoka yenyewe, kama pumzi.

Britta aliichukua karatasi mikononi mwake, bila kumpokonya, bila hasira, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu. Kinanda kikaanza. Watu wakainuka.

"Nirudishie, mwanangu," Lyle alinong'ona, akimshika mkono wa koti. "Tafadhali. Sijamwona bado."

"Najua, baba," Britta alisema, akasimama na wenzake kuimba.